Mama ana VVU, sukari na presha, sasa ameitwa kwenye utafiti. Akubali?

"Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Ujiji kuhusu mama yangu mwenye miaka 61. Ana VVU, dawa alianza mwaka 2008, na tangu 2020 anameza TLD, kile kidonge kimoja cha usiku. Ana presha, anatumia losartani zile zenye H. Sukari aligundulika miaka minne iliyopita, na miezi saba iliyopita kliniki ya sukari walimpandishia metformini kuwa miligramu 1000 asubuhi na 1000 jioni. Tangu hapo anaharisha mara kwa mara, chakula hakimpendezi, kilo zimeshuka kutoka 71 hadi 65. Miguu ina ganzi na usiku inawaka moto, kwa hiyo ananunua diklofenaki duka la dawa. Tumbo likimsumbua anatafuna vidonge vya magnesiamu. Kreatinini mwaka jana ilikuwa 84, mwezi huu 112. Kliniki ya sukari hawajui kwamba yuko CTC, yaani kliniki ya VVU, maana kuna jirani yetu anafanya kazi pale na mama anaogopa. Sasa wamekuja watu wa utafiti wa wagonjwa wenye ugonjwa zaidi ya mmoja. Wanataka kumfuatilia miezi 12 na kumchukua damu mara tatu, na wanasema watu watagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Majirani wanasema atafanywa panya wa maabara na damu yake itauzwa. Mama mdogo aliyeko Tabora anasema dawa nyingi zinachoma figo, aziache, atumie asali. Je, akubali utafiti? Na dawa apunguze?"

Marahaba. Umeuliza mambo mawili, na umeanza na lile linaloweza kusubiri. Karatasi ya ridhaa inaweza kukaa kabatini wiki mbili bila kumdhuru mtu. Mchanganyiko wa dawa ulioutaja hauwezi. Kwa hiyo nitaanza na dawa, kisha nitarudi kwenye utafiti, na utaona kwamba maswali yako mawili yana shina moja.

Kabla ya lolote, chukua kikapu. Tia ndani kila kitu mama anachomeza, anachotafuna na anachojipaka: vya CTC, vya presha, vya sukari, vya dukani, vya tumbo, na unga wowote wa mlonge au mizizi aliyopewa na mtu. Kama ameshahamisha vidonge vya TLD kwenye kopo lisilo na maandishi ili wageni wasijue, na wengi hufanya hivyo, liingie pia. Kisha andika kwenye karatasi moja: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, saa anayomeza, na nani alimpa. Mama yako ana wahudumu wanne. CTC ni mmoja, kliniki ya sukari na presha wa pili, muuza duka la dawa wa tatu, na mama mdogo wa Tabora wa nne. Kila mmoja ameona kipande chake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kikapu kizima.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya kikapu hicho. Katika TLD kuna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokutana na metformini. Metformini haivunjwi na ini kama dawa nyingi nyingine. Inatoka mwilini ikiwa nzima kupitia figo, na ili itoke kwenye damu kuingia kwenye mkojo inapaswa kupita kwenye milango maalumu iliyo katika kuta za mirija ya figo. Dolutegraviri inaibana milango hiyo. Ni kama gati lenye nafasi ya mashua mbili likabakiziwa nafasi ya moja: mzigo unaendelea kuletwa kwa kasi ileile, lakini unaoondoka ni mchache, na unarundikana. Kwa kipimo cha kidonge kimoja cha dolutegraviri kwa siku, kiasi cha metformini katika damu hupanda kwa takriban asilimia 79. Maana yake ni kwamba mama akimeza 2000, mwili wake unakutana na kitu kinachokaribia 3,600, wakati kiwango cha juu kabisa cha metformini kwa mtu mzima ni kati ya 2,550 na 3,000. Ndiyo sababu miongozo inasema anayetumia dolutegraviri asizidishe metformini miligramu 1000 kwa siku nzima, yaani 500 asubuhi na 500 jioni, pamoja na chakula. Kuharisha, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ndizo dalili za metformini iliyozidi, na kwa mama yako zilianza pale pale kipimo kilipopandishwa.

Aliyempandishia hakukosea kwa alichokiona. Aliona sukari iko juu, akafuata mwongozo wa sukari. Asingeweza kujua kuhusu dolutegraviri kwa sababu hakuambiwa.

Kuhusu hiyo asilimia 79, ilipatikana kwa kupima watu wazima wenye afya, wasio na VVU wala sukari, wenye figo safi. Hawakuwa mama wa miaka 61 ambaye figo zake zimeanza kulegea na anayemeza diklofenaki juu yake. Kwake inaweza kuwa zaidi. Ishike hoja hii, tutaihitaji tukifika kwenye utafiti.

Je, apunguze mwenyewe leo? Hapana, isipokuwa akiwa anatapika au anaharisha sana, hilo nitalieleza mbele. Metformini ikishuka, sukari inaweza kupanda, na lazima mtu mwenye mamlaka ya kuandika dawa aamue kitakachoziba pengo. Uwezekano mmoja ni gliklazaidi kwa kipimo kidogo, mwingine ni insulini ya usiku. Glibenklamaidi bado inagawiwa sehemu nyingi, lakini kwa mtu wa umri huu ambaye figo zina mashaka siipendi: inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha sukari usiku wa manane mtu akiwa amelala. Yoyote itakayochaguliwa, sukari ya asubuhi kabla ya kula ipimwe mara kadhaa ndani ya wiki mbili za kwanza. Lakini usingoje tarehe ya kliniki. Aende wiki hii.

Kreatinini inahitaji utulivu zaidi, kwa sababu inaweza kusomwa vibaya kwa njia mbili. Kreatinini ni taka ya misuli, na baadhi yake hupita kwenye milango ileile ambayo dolutegraviri inaibana. Kwa hiyo mtu akianzishiwa dolutegraviri, kreatinini hupanda kidogo, kama maikromoli 10 hadi 15 kwa lita, ndani ya wiki nne za mwanzo, halafu inatulia hapo. Figo haijaumia, ni kipimo tu kinachodanganya. Mhudumu mwingine akiiona 112 anaweza kusema "ah, hii ni dolutegraviri" na kufunga faili. Lakini mama alianza dawa hiyo 2020. Ile 84 ya mwaka jana tayari ilikuwa na mchango wa dolutegraviri ndani yake. Kupanda kwa 28 sasa hivi kuna mwenyewe mwingine.

Kosa la pili ni kuogopa kupita kiasi. Ukiingiza 112 kwenye CKD-EPI ya 2021, kanuni ya kukadiria uwezo wa figo kuchuja, kwa mwanamke wa miaka 61, uwezo huo unatoka karibu mililita 48 kwa dakika. Kwa 84 ulikuwa karibu 68. Namba 48 ina uzito, maana chini ya 50 tenofoviri yenyewe huangaliwa upya, na mara nyingi mgonjwa huhamishiwa dawa nyingine kama abakaviri. Lakini mtu habadilishwi dawa ya VVU iliyomtuliza miaka mingi kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa wakati anaharisha na anameza diklofenaki. Kwanza ondoa vichochezi, mpe maji ya kutosha, rudia kipimo baada ya wiki moja au mbili, na mkojo upimwe kwa kijiti kuona kama kuna protini au sukari. Sukari ikionekana kwenye mkojo wakati sukari ya damu si kubwa, hiyo inaelekeza kidole kwa tenofoviri. Kama namba inarudi kwenye 80 au 90, mmepata jibu. Isiporudi, hapo mjadala wa kubadilisha TLD unaanza, na uanzie CTC.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni diklofenaki. Figo ina vichujio vidogo vidogo, na kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Ili damu ichujike, ndani ya kichujio lazima pawe na msukumo. Losartani inalegeza mshipa wa kutoa, jambo ambalo kwa kawaida ni jema, maana linapunguza shinikizo na kulinda figo ya mwenye sukari. Ile H kwenye kidonge ni dawa ya kukojoza, inapunguza maji mwilini. Halafu inakuja diklofenaki, inaubana mshipa wa kuingiza. Damu kidogo inaingia, mlango wa nyuma uko wazi, maji yamepungua kwa kukojoa na kuharisha: msukumo unaanguka na uchujaji unashuka. Yeyote kati ya hawa akiwa peke yake figo nyingi humvumilia. Wakiwa watatu pamoja, kwa mtu anayeharisha, wanaweza kuizima figo ndani ya siku chache. Na hakuna aliyemwandikia mama diklofenaki, kwa hiyo hii anaweza kuiacha leo jioni bila kuuliza mtu. Hali kadhalika ibuprofeni, na sindano za diklofenaki zinazochomwa kwa kuagizwa na mgonjwa mwenyewe.

Hapo utaona jinsi mama mdogo alivyo na nusu ya ukweli. Ziko dawa zinazoumiza figo, na mama anatumia moja. Lakini kinachoharibu figo nyingi zaidi ni presha isiyoshuka na sukari isiyotulia kwa miaka. Losartani aliyoitaka iachwe ndiyo mojawapo ya dawa zinazomlinda. Na akiacha TLD, virusi vinaamka, navyo vina ugonjwa wao wa figo. Kuhusu asali: ya Tabora ni nzuri, ya miombo, haina ubishi, lakini kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 17 za sukari. Kwenye damu ya mwenye kisukari inasomeka kama sukari, na bonge kubwa la ugali wa muhogo nalo linasomeka hivyohivyo. Aletewe asali kwa ajili ya wajukuu.

Vidonge vya magnesiamu vina kasoro nyingine, ndogo kwa macho lakini si ndogo kwa virusi. Magnesiamu na aluminiamu hujishikiza kwenye dolutegraviri tumboni na kuizuia isinyonywe. Kanuni ni kwamba TLD imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Tuseme mama anameza TLD saa 2 usiku. Basi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku asitafune kidonge cha tumbo hata kimoja. Huenda metformini ikishuka hata hamu yenyewe ya kutafuna itaisha. Kama ni zaidi ya mwaka tangu apimwe wingi wa virusi, aombe kipimo hicho siku hiyohiyo.

Miguu ina washukiwa watatu, na wanaweza kuwa wote. Sukari yenyewe hula mishipa ya fahamu. Metformini ikitumika miaka hupunguza unyonyaji wa vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi ileile. La tatu ni historia yake: aliyeanza dawa mwaka 2008 yawezekana alianzishiwa stavudini, ambayo ilijulikana kwa kuunguza mishipa ya miguu hadi Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iondolewe. Uharibifu wa aina hiyo unaweza kubaki hata baada ya dawa kuachwa. Muulize ilikuwaje miaka ile, wengi wanakumbuka hata rangi ya kidonge. Diklofenaki haisaidii maumivu ya mishipa ya fahamu, ndiyo maana anaendelea kuinunua. Parasetamoli, vidonge viwili vya 500 mara tatu kwa siku, ni salama zaidi kwa figo, ingawa sitakudanganya, kwa moto wa usiku nayo hufanya kazi kidogo. Kinachosaidia ni dawa kama amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku, iandikwe na daktari, kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu akiamka ghafla. Vitamini B12 inaweza kupimwa au, pale ambapo kipimo hakipo, kutibiwa tu; haina madhara ya kutisha.

Wakati huo, kila usiku mtu aitazame miguu yake nyayo na katikati ya vidole kwa tochi. Mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga mwiba na kutembea nao siku tatu. Asiilaze karibu na jiko la mkaa ili ipate joto, na maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu.

Kilo sita zilizopotea nisingependa zipitiwe haraka. Metformini inaweza kueleza, sukari iliyo juu pia inaweza. Lakini kwa mwenye VVU, kupungua uzito ni mojawapo ya maswali manne ya uchunguzi wa kifua kikuu, pamoja na kikohozi, homa na jasho la usiku. Apimwe makohozi hata kama hakohoi sana. Na ikitokea ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, kikapu kinarudi mezani upya, kwa sababu rifampisini inaishusha dolutegraviri kiasi cha kuhitaji kidonge cha pili kwa siku.

Sasa suala la jirani. Hofu ya mama si upuuzi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamfunga mhudumu kutunza siri, lakini sheria haizuii jicho la mtaa. Njia rahisi ni kuanzia CTC, ambako wanajua yote. Aende na kikapu, amwambie daktari wa CTC neno kwa neno: "Ninatumia metformini 2000 kwa siku, na kreatinini yangu imetoka 84 hadi 112." Sentensi hiyo peke yake itamfanya daktari aweke kalamu chini. CTC wanaweza kushusha metformini wenyewe, au kumwandikia daktari wa kliniki ya sukari barua iliyofungwa, au kuomba dawa zake zote zichukuliwe sehemu moja. Akilazimika kusema kule kliniki ya sukari, aombe kuonana na daktari faraghani, amwambie yeye tu. Jirani anayefanya kazi pale hana sababu ya kujua.

Tuje kwenye utafiti. Hofu ya damu kuuzwa imeenea, na dawa yake ni hesabu. Kichupa kimoja cha maabara kinachukua mililita 4 au 5, kiasi cha kijiko cha chai. Hata wakichukua vichupa vitatu kila mara, kwa mara tatu, jumla haifiki mililita 50 kwa mwaka. Anayejitolea damu salama anatoa takriban 450 kwa mkao mmoja. Kiasi hicho hakimwongezei mtu mwingine damu, kinatosha kupimia tu. Swali lenye maana ni lingine: baada ya vipimo, sampuli inayobaki inawekwa wapi, miaka mingapi, na je, itasafirishwa nje ya nchi? Majibu hayo lazima yawe kwenye karatasi ya ridhaa, na kwa kawaida mshiriki anaweza kukubali utafiti na wakati huohuo kukataa sampuli yake itunzwe kwa matumizi ya baadaye.

Bahati nasibu nayo haina nia mbaya. Kama watafiti wangechagua nani aingie kundi lipi, wangewaweka wenye nafuu kwenye kundi wanalolipenda, na matokeo yangekuwa ya uongo. Unachotakiwa kuuliza ni makundi yanatofautiana katika nini. Tafiti za aina hii ziko namna mbili. Nyingine hulinganisha mpangilio wa huduma: kundi moja linaendelea na kliniki tofauti, jingine linahudumiwa VVU, sukari na presha katika chumba kimoja. Utafiti wa INTE-AFRICA, uliofanywa Tanzania na Uganda katika vituo 32 na kuchapishwa 2023, ulikuwa wa namna hiyo, ingawa kule vilivyopigiwa kura ni vituo na si mtu mmoja mmoja. Ulionesha kwamba kuunganisha kliniki hakukudhoofisha udhibiti wa virusi. Mama akiitwa kwenye utafiti kama huo, hatari yake ni ndogo sana. Namna ya pili hujaribu dawa, mpya au ya zamani kwa matumizi mapya. Hapo uliza: kuna kundi la kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani? Kuwepo kwake si dhambi, mradi kidonge kitupu kinaongezwa juu ya tiba yake ya kawaida na hakichukui nafasi yake. Utafiti unaomtaka aache TLD au losartani ili apewe kidonge kisichojulikana, kwa hali aliyonayo sasa, nisingemshauri.

Kila utafiti wa tiba kwa binadamu unapaswa kuwa na kibali cha maadili. Kwa ngazi ya taifa kinatolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ukiwa wa kujaribu dawa unahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba kuona namba ya kibali. Karatasi ya ridhaa iwe ya Kiswahili, isomwe yote, nakala moja ibaki kwa mama, na iwe na simu mbili: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Kama mama hasomi, dole gumba linatosha ila lazima awepo shahidi asiye mtu wa utafiti, na wewe unaweza kuwa huyo. Ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na kliniki zake ziendelee kama zamani. Nauli na muda wake virudishwe. Akiambiwa atoe hela ili ashiriki, au asaini palepale gari likiwa linamsubiri, mrudi nyumbani.

Yapo maswali mawili ambayo watu husahau. La kwanza: kipimo kikitoka kibaya, tutaambiwa baada ya muda gani, na nani atachukua hatua? Watafiti wengine hupima kreatinini kwa pamoja mwisho wa mwaka, na kwa mama yako mwaka ni mrefu mno. La pili: mtampataje? Gari lenye nembo ya mradi wa VVU likisimama mlangoni Ujiji saa nne asubuhi, siri ya miaka yote imekwisha kabla dereva hajazima injini. Aombe aonane nao kituoni, na namba ya simu iwe yake mwenyewe, si ile inayopokelewa na wajukuu.

Kumbuka pia kwamba daktari wa utafiti hafanyi kazi ya daktari wa mama. Anafuata itifaki iliyoandikwa kwa wote, na lengo lake la kwanza ni kujibu swali. Wengi wakishaingia huacha kliniki zao wakidhani sasa wako mikono bora. Asiache hata moja, na karatasi ile ya kikapu aioneshe kwao pia, pamoja na diklofenaki aliyoitumia. Wanaweza kusema hafai kwa sasa kwa sababu ya figo. Wakisema hivyo, ni dalili kwamba wanafanya kazi yao sawasawa.

Ushauri wangu: aanze na CTC wiki hii, kreatinini irudiwe, metformini ishuke, kuharisha kukome. Wiki tatu au nne baadaye, kama utafiti ni wa mpangilio wa huduma na majibu ya maswali hayo yanaridhisha, ningekubali ningekuwa yeye. Kwa muda mrefu tafiti za dawa zimewachuja nje watu wenye magonjwa mawili matatu kwa sababu wanavuruga hesabu, na matokeo yake ni namba kama ile 79 iliyotoka kwa wenye afya, tunayolazimika kuikisia kwa mama yako. Lakini pia hana deni kwa mtu. Akikataa, amekataa.

Mambo ya kumkimbiza hospitali bila kungoja CTC ni haya: kutapika au kuharisha hadi hawezi kushikilia maji, mkojo kupungua sana, kupumua kwa haraka na kwa kina bila kukimbia, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, sukari chini ya milimoli 4 kwa lita, au zaidi ya 15 pamoja na kutapika, kidonda chochote mguuni hata kisichouma. Siku ya kutapika au kuharisha namna hiyo, na hasa kipindupindu kikiwa kimetajwa mwambao wa ziwa, metformini na losartani ya H zisimame hadi awe amekula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Kama anatumia insulini wakati huo, asiiache kabisa, muulize daktari kipimo. TLD isisimame, akiitapika ndani ya saa moja, ameze nyingine. Hapo Kigoma hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, na kama figo zitahitaji bingwa, rufaa ya Bugando, Mwanza, inaandikiwa kutoka hapo. Kikapu kiende naye.